Bakteria wakiizoea faji katikati ya tiba, daktari aruhusiwe kubadilisha dawa?

Sahani ya Agari (mleta mada)

Wadau, kila tiba ya faji inapotajwa hakosekani mtu wa kusema, "Kazi bure, bakteria watapata usugu tu." Nataka tuliongee hilo hadi mwisho.

Kwa asiyezijua, faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Seli ya binadamu haviigusi. Félix d'Hérelle ndiye aliyevipa jina la bakteriofaji mwaka 1917, na baada ya muda mfupi akawa anawatibu navyo wagonjwa wa kuhara damu. Taasisi iliyoasisiwa na George Eliava huko Tbilisi, Georgia, mwaka 1923, ingali ikivitumia hadi leo.

Usugu upo, sikatai. Mwaka 1943 wanasayansi Salvador Luria na Max Delbrück walikuza bakteria wa E. coli kwenye mirija mingi, kila mmoja peke yake, kisha wakawamwagia faji. Baadhi ya mirija haikutoa bakteria sugu hata mmoja, mingine ikatoa wengi kupindukia. Kama usugu ungezaliwa pale bakteria anapokutana na kirusi, mirija yote ingetoa idadi zinazokaribiana. Haikuwa hivyo. Walio sugu walikuwamo tangu awali kwa bahati tu ya jeni kubadilika bakteria wanapogawanyika, na mrija uliopata bahati hiyo mapema ulikuwa na ukoo mkubwa wa sugu. Sasa mfikirie mgonjwa mwenye mabilioni ya bakteria kwenye jipu: wa kuikataa faji yako yumo kabla hujafungua chupa.

Kwa hiyo siulizi kama usugu utatokea. Nauliza hivi: mamlaka za dawa ziendelee kudai faji isajiliwe kama kidonge, mchanganyiko uleule miaka nenda miaka rudi, au daktari aruhusiwe kubadilisha virusi mgonjwa akiwa bado kitandani? Mimi nasema aruhusiwe. Karibuni.

Mbishi wa Kawaida

Mkuu, umejifunga goli mwenyewe. Unakiri kwamba sugu wamo kabla ya dozi ya kwanza, halafu unataka tuitegemee dawa hiyo? Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alipopokea Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dozi ndogo za penisilini zitawafundisha vijidudu kuihimili. Hatukumsikia. Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani. Leo mnaleta silaha nyingine yenye ugonjwa uleule.

Halafu hili la kubadilisha dawa kila mara: utapimaje kama inatibu? Jaribio la PhagoBurn la Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi lilitumia mchanganyiko wa faji 12 kwa wagonjwa wa majeraha ya moto wenye bakteria wa Pseudomonas aeruginosa. Likasimamishwa kabla ya wakati, maana krimu ya kawaida yenye madini ya fedha iliwapunguza bakteria haraka kuliko faji. Matokeo yalichapishwa 2019. Hayo ndiyo majibu ya dawa iliyopimwa kwa utaratibu.

Sahani ya Agari

Kuhusu PhagoBurn umesema kweli, ila umeacha nusu. Faji zile zilipoteza nguvu zikiwa kwenye chupa, hivyo wagonjwa wakapata kiasi kidogo mno kuliko kilichokusudiwa. Na pale tiba iliposhindwa, bakteria walikutwa wakihimili dozi ndogo za mchanganyiko ule. Mchanganyiko uliogandishwa kwenye makaratasi ya usajili, ukachakaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa! Hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko wewe.

Kufananisha na penisilini nako kuna kasoro. Faji haiingii popote tu; inashika kitu maalumu juu ya ngozi ya bakteria, mlango wake, ndipo inaingiza jeni zake. Njia nyepesi ya bakteria kujiokoa ni kuubadilisha mlango huo au kuung'oa kabisa. Lakini mlango haukuwekwa pale kwa ajili ya faji. Bakteria anautumia kuvuta chakula, kujificha dhidi ya kinga ya mwili, au kutupa sumu nje. Akiung'oa, analipa.

Tazama faji iitwayo OMKO1, ambayo timu ya Chuo Kikuu cha Yale iliieleza mwaka 2016. Inashika sehemu ya pampu ambayo Pseudomonas huitumia kutapika antibiotiki. Bakteria aliyebadilika ili kuikwepa faji, pampu yake inalegea, na antibiotiki zilizokuwa hazimtishi zinaanza kumuuma tena. Usugu wake ndio unaomrudisha mikononi mwa dawa ya zamani. Ndiyo maana nasema faji ichaguliwe kwa kuangalia mlango inaopitia, tukijua bakteria atapoteza nini akiufunga.

Fundi Darubini

Mleta mada, hapo kwenye "analipa" umepita mbio. Analipa mara nyingi, si kila mara. Kuna mabadiliko madogo yanayomzuia kirusi kushika huku mlango ukiendelea na kazi yake. Na anayelipa leo anaweza kupata badiliko la pili linalomfidia hasara.

Isitoshe, mlango ni kinga ya kwanza tu. Kirusi kikishaingia, bakteria ana vimeng'enya vya kukatakata DNA ngeni. Ana CRISPR, ambayo watu wengi wanaijua kama mkasi wa kuhariri jeni, kumbe asili yake ni daftari la maadui: bakteria huhifadhi kipande cha jeni za kirusi kilichowahi kumvamia ili akitambue kikirudi. Hilo lilithibitishwa mwaka 2007 kwa bakteria wa kugandisha mtindi. Na wapo wanaojiua mara tu wanapoingiliwa, kirusi kisipate muda wa kuzaliana na kuwafikia ndugu zao. Mimi hili la mwisho hunishangaza kila nikilifikiria: kiumbe cha seli moja kujitoa mhanga!

Lakini virusi navyo havilali. Faji ICP1, inayoshambulia bakteria wa kipindupindu, ilionekana mwaka 2013 ikiwa imebeba CRISPR yake yenyewe na kuitumia kuvunja kinga ya bakteria. Silaha ya mwenye nyumba mkononi mwa mwizi. Antibiotiki haiwezi hilo, molekuli haijifunzi. Ndiyo maana maabara nyingine huikuza faji pamoja na bakteria sugu, kizazi baada ya kizazi, hadi itokee inayowaweza.

Zamu ya Usiku

Nazungumza kama mtu wa wodini. Kisa cha Tom Patterson, profesa wa San Diego nchini Marekani, mwaka 2016 ndicho kinachojibu swali la mada. Alikuwa amepoteza fahamu kwa bakteria wa Acinetobacter baumannii waliogoma kusikia antibiotiki. Akapewa faji, akazinduka. Baadaye bakteria wakazizoea zile za mwanzo, ikatafutwa nyingine kwenye maji taka, ikaongezwa, tena sambamba na antibiotiki. Alipona. Mngesubiri usajili wa mchanganyiko mpya, mngekuwa mnamzika.

Ubelgiji imeshapata njia tangu 2018: mfamasia hutengeneza faji kwa cheti cha daktari kwa mgonjwa mmoja, na malighafi hupimwa na maabara iliyoidhinishwa.

Ila, Mbishi, usidhani kubadilisha ni kumimina tu. Lazima bakteria wa mgonjwa huyo wapimwe dhidi ya kila faji, na hiyo kazi inakula siku. Mgonjwa mahututi hana siku. Na mwili wake nao unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya faji, ukadhani ni usugu wa bakteria kumbe ni damu yake inayozikamata.

Mbishi wa Kawaida

Kisa kimoja cha mtu aliyepona hakinitoshi. Waliokufa wakipewa faji nao wana visa.

Lakini nimewaelewa kwenye jambo moja: kinachopaswa kuidhinishwa ni utaratibu wa kuchagua na kusafisha faji, si orodha ya faji zenyewe. Hilo nalikubali, kwa masharti. Kila faji isomwe jeni zake zote kabla ya kuingia mwilini, maana zipo zinazojificha ndani ya bakteria na kumpa sumu; sumu ya kipindupindu na ya dondakoo zote zinatokana na jeni zilizobebwa na virusi. Pia isitolewe faji mpya bila sampuli ya bakteria wa kabla na wa baada kuhifadhiwa, ili tujue ni mlango gani uliofungwa na kama kweli walilipa.

Zamu ya Usiku

Ya kabla huwa ipo. Ya baada ndiyo hukosekana, hasa mgonjwa akipata nafuu na kila mtu akitaka arudi kwake.