Jarida la mimea la kusomwa bure: wa ridhaa na wataalamu waandike pamoja?

Shina: Wakuu, tunaanzisha jarida la mimea la mtandaoni. Msomaji halipi, mwandishi halipi, gharama tumezibeba wenyewe. Kila mswada utapitiwa na wahakiki wawili, na mlango uko wazi kwa mbotania wa ridhaa sawa na mwenye shahada tatu. Wenzangu wawili wamegoma. Wanataka wa ridhaa wapewe safu ya "taarifa fupi" mwishoni, makala kamili zibaki za wataalamu. Mimi sikubali. Mnasemaje?

Chavua: Wenzako wako sahihi. Jarida si albamu. Wafungulieni mlango hawa wapiga picha za maua, mwaka ukiisha mtakuwa na okidi mia za kupendeza na hakuna hata karatasi moja ya hebaria, ile ghala ya mimea iliyokaushwa kwa utafiti. Bure sawa, ila bure isiwe holela.

Majani Matatu: Naunga mkono mlango wazi. Nani analipia seva, lakini? Majarida mengi ya kusomwa bure humhamishia mwandishi bili, na mtu wa ridhaa hana mradi wa kumlipia.

Shina: Programu ya kuendeshea jarida ni ya bure, uhariri tunajitolea. Seva tunachangishana.

Mbegu Kumi: "Wapiga picha za maua." Nimelisoma mara tatu. Ndugu Chavua, miaka 14 narudi kwenye kinamasi kilekile, kila wiki msimu wa maua, naandika ua la kwanza limefunguka lini, mdudu gani ametua, maji yalifika wapi. Shahada sina. Akaja mtaalamu na mwanafunzi wake, wakakaa siku mbili, wakanakili daftari langu. Kwenye makala yao nimeshukuriwa kama "mwenyeji mmoja". Na makala yenyewe inauzwa, kwa hiyo mwenye data nikashindwa hata kuisoma. Leo naambiwa mimi ni mpiga picha.

Chavua: Sikukutaja wewe. Nasema picha haionyeshi vinyweleo vya chini ya jani, huwezi kuipasua ovari ukahesabu vyumba, wala haikupi DNA. Spishi mpya ya mmea wa maua bila sampuli ya kielelezo iliyohifadhiwa haipati jina halali. Hiyo ni kanuni, si dharau. Na maelezo yake lazima yawe kwa Kilatini. Wangapi humu wanakijua?

Tumba: Kilatini? Mkuu, umelala muda mrefu. Kongamano la wanamimea wa dunia, Melbourne 2011, lilishalegeza hilo: tangu 1 Januari 2012 unaandika kwa Kilatini au Kiingereza, vyote halali. Tarehe hiyohiyo ndipo jina lililochapishwa mtandaoni peke yake lilipoanza kutambuliwa, mradi liwe kwenye PDF na chapisho liwe na ISSN (namba ya utambulisho ya jarida) au ISBN (ya kitabu). Shina, kabla hamjagombania nani akae wapi, ISSN mmeomba?

Shina: Tumeomba. Nauliza tena: makala kamili au safu ya mwishoni?

Majani Matatu: Mendel, yule wa sheria za urithi, alishakujibu. Mtawa, mtihani wa ualimu ulimshinda mara mbili, akapanda njegere bustanini, akachapisha 1866 kwenye jarida la chama cha wapenda elimu ya viumbe cha Brno. Wataalamu wakamnyamazia hadi 1900.

Chavua: Mendel alisoma Vienna, fizikia na mimea pia. Tusimgeuze mtu asiye na shule ili hoja ipendeze.

Majani Matatu: Nani kasema hana shule? Ridhaa maana yake hulipwi, siyo kwamba hujui. Bondia wa ridhaa anarusha ngumi ileile, na ikikupata utakaa chini vilevile.

Mbegu Kumi: Bado nasubiri lile neno lirudishwe.

Chavua: Nimelirudisha, samahani. Hoja ya sampuli silegezi.

Kokwa: Basi chukueni mti wa Wollemi. 1994, Australia, David Noble, askari wa hifadhi anayependa kuteremka magenge kwa kamba, akakuta bondeni mti asioujua. Akaondoka na kitawi, Chavua, si picha. Wataalamu wakaueleza 1995 na kuuita *Wollemia nobilis*, kwa heshima yake. Pande zote mbili zilihitajiana. Ila mahali penyewe pamefichwa hadi leo, maana miti mikubwa ya porini haifiki mia na watu huingia na magonjwa kwenye soli za viatu. Sasa jarida linalosomwa na kila mtu litachapisha GPS?

Mbegu Kumi: Haiwezekani! Kinamasini kwangu kuna okidi nimeinyamazia miaka yote hii. Ikitoka kwenye PDF, kwenye wiki moja nitakuta mashimo.

Tumba: Kweli kabisa. Tazama *Conophytum* za Afrika Kusini, vimea vidogo vya jangwani vyenye majani manene, wezi wanazing'oa kwa maelfu kuwauzia wakusanyaji ng'ambo.

Chavua: Na mimea ikifichwa, atakayekuja kuhakiki ahakiki nini? Sayansi ya "niaminini tu" siitaki, awe wa ridhaa au profesa.

Kokwa: Makala itaje mraba wa kilomita 10. Vipimo kamili vibaki kwenye lebo ya sampuli hebaria, anayevihitaji aombe kwa jina lake.

Tumba: Mraba wa kilomita 10 wenye kinamasi kimoja? Mwizi atafika kabla ya chai.

Shina: Jamani, safu ya mwishoni…

Chavua: Mbegu Kumi, hilo daftari lina tarehe za kila wiki, hata mwaka wa ukame?

Mbegu Kumi: Kila wiki. Mwaka wa ukame nimeandika "hakuna ua" mara 19.

Chavua: Hizo sifuri watu wengi hawaziandiki kabisa, na bila hizo huwezi kujua msimu umehama. Hiyo ni makala kamili. Nitakuwa mhakiki wako, kwa jina langu wazi. Sampuli umeweka hebaria gani, na ilichumwa wapi hasa?

Mbegu Kumi: Hebaria nitakutajia. Wapi, hapana. Shina aweke kwanza kanuni ya maeneo kwa maandishi.