Ulinganisho: ruzuku kwa vikundi vya usawa wa rangi Marekani, tuanzie mlango upi?

Zuhura_M

Salamu ndugu zangu. Kikundi chetu kinapigania mambo mawili: watoto Weusi wanaosimamishwa shule kwa makosa ambayo wenzao husamehewa, na wapangaji wanaonyimwa nyumba kwa sababu ya rangi yao. Wote tunajitolea, hatuna mwajiriwa hata mmoja, na bado hatujapata hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilolipa kodi ya mapato. Kamati imeamua tuombe ruzuku, na kila mjumbe anapigia debe mlango wake. Nimezisoma njia nne, zichambueni.

Taasisi kubwa za wakfu ndizo zinazosikika zaidi. Baada ya George Floyd, mtu Mweusi, kuuawa na polisi mwaka 2020, Ford Foundation iliuza hati fungani za dola bilioni 1 ili iongeze ruzuku, na W.K. Kellogg Foundation ikatangaza dola milioni 90 kwa shindano la Racial Equity 2030. Lakini tazameni fedha zilikoishia. Shindano la Kellogg lilikuwa la dunia nzima na mwishoni washindi walikuwa 5. MacKenzie Scott, bilionea mfadhili ambaye anastahili sifa kwa kutoa fedha zisizofungwa kwenye mradi wowote, alipofungulia umma maombi mwaka 2023 aliwataka waombaji wawe na bajeti ya mwaka ya kati ya dola milioni 1 na milioni 5. Walioomba walizidi 6,000, waliopata ni 361. Kikundi cha ukubwa wetu hakikuwa na nafasi hata ya kujaza fomu.

Serikali ya shirikisho ina fedha nyingi zaidi, ila unajisajili kwenye SAM.gov, tovuti yake ya wanaoomba fedha, na mara nyingi unatumia kwanza ndipo urejeshewe. Halafu mwaka 2025 EPA, wakala wa mazingira wa shirikisho, ilifuta ruzuku nyingi za haki ya mazingira ambazo vikundi vilikwisha kuahidiwa. Kikundi kisicho na akiba kikikatiwa katikati ya kazi hakiinuki tena.

Mfuko wa jamii wa eneo, unaokusanya michango ya watu wa hapo na kuigawa kwa vikundi vya hapo, hutoa kidogo, lakini ofisa wake unaweza kumwalika kwenye mkutano wenu akaiona kazi kwa macho. Na njia ya nne ni shirika mlezi: shirika lenye 501(c)(3) linapokea fedha kwa niaba yenu, linatunza hesabu, na linakata sehemu yake, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 15.

Mimi naelemea hizo mbili za mwisho, ziende pamoja. Wenzangu wanaona ni kujidogosha.

mhasibu_mstaafu

Dada Zuhura, uko kwenye njia nzuri. Watu huogopa ada ya kuomba hadhi ya 501(c)(3), na ada yenyewe si kubwa: Fomu 1023-EZ ni dola 275 kwa kikundi kinachotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka; fomu ndefu ni dola 600. Shida huja baadaye. Mkishasajiliwa mnatakiwa kuwasilisha taarifa kwa mamlaka ya kodi kila mwaka, hata ile fupi ya 990-N. Mkikaa miaka 3 mfululizo bila kuwasilisha, hadhi inafutika yenyewe. Nimeona vikundi vyenye watu hodari vikipoteza hadhi hivyohivyo kwa sababu mweka hazina alihama na hakuna aliyepokea faili.

Kwa shirika mlezi, usitazame asilimia peke yake. Soma mkataba unasema nini siku mtakapotaka kuondoka: fedha zilizobaki zinawafuata au zinabaki kwao? Jina la kikundi na orodha ya wachangiaji ni vya nani? Na malipo yakiombwa, hutoka baada ya muda gani? Anayekata asilimia 12 na kulipa ndani ya wiki anawafaa kuliko wa asilimia 6 anayewaacha mkikopa nauli.

Baraka_T

Mimi sikubali serikali itupwe hivyo. Kuna CDBG, ruzuku ya maendeleo ya jamii iliyoanzishwa kwa sheria ya 1974, ambayo inapita kwa jiji lenu wenyewe. Angalau asilimia 70 ya fedha zake lazima iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati. Inaweza kulipia hata elimu ya haki za wapangaji, ingawa fungu la huduma kwa umma lina kikomo cha asilimia 15. Jiji hufanya vikao vya wazi kabla ya kugawa. Nendeni mkaseme hapo, hata kama mwaka huu hamuombi chochote. Tukiziacha, zitagawiwa kwa wale waliozoea kuitwa. Ni kodi zetu zile.

wakili_wa_mtaa

Kaka Baraka, nakuunga mkono kuhusu vikao, ila fedha za CDBG zinabaki za shirikisho hata zikipitia jijini. Amri ya rais namba 14173 ya Januari 21, 2025 inataka anayepokea ruzuku ya shirikisho athibitishe kwamba haendeshi programu za usawa zinazovunja sheria za kupinga ubaguzi, na inafunga uthibitisho huo na sheria ya madai ya uongo, inayowabana wanaodanganya ili kupata fedha za serikali, na ambayo adhabu yake ni fidia mara tatu. Kikundi kisicho na mwanasheria kisitie saini kabla ya kupata ushauri.

Jambo la pili linahusu hata fedha binafsi. Fearless Fund, mfuko wa uwekezaji wa Atlanta, ilikuwa na shindano la ruzuku za dola 20,000 kwa wanawake Weusi wenye biashara. Ilishtakiwa mwaka 2023 kwa kutumia kifungu namba 1981, kinachokataza ubaguzi wa rangi katika mikataba na kinachotokana na sheria ya haki za kiraia ya 1866, iliyotungwa kuwalinda watu waliotoka utumwani. Juni 2024 mahakama ya rufaa ikalizuia shindano, na Septemba likafungwa kwa makubaliano. Inauma, lakini someni vizuri kilichoponza: nafasi ya kuomba ilikuwa ya watu wa rangi moja tu. Kupinga ubaguzi wa nyumba na shule hakujakatazwa. Kwenye andiko lenu elezeni madhara, mahali na sera mnayotaka ibadilike, na milango ya huduma iwe wazi kwa kila aliyeathirika.

Tena kuna habari njema ambayo wengi hawaijui. Kwa kanuni za kodi za kifungu cha 501(h), ambazo shirika la 501(c)(3) linaweza kuzichagua zipime kiasi linachoruhusiwa kushawishi utungaji wa sheria, bodi za shule na mamlaka za nyumba huhesabiwa kuwa vyombo vya utawala. Kuishawishi bodi ya shule ibadilishe kanuni za nidhamu kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa kushawishi utungaji wa sheria. Baraza la jiji ni suala jingine, maana hutunga sheria. Hakikisheni shirika mlezi linaijua tofauti hiyo; yapo yanayokataza kila kitu kwa woga.

MamaAmani

Wanangu, na michango yenu wenyewe? Wakati wa mgomo wa Montgomery, Alabama, 1955 hadi 1956, Weusi walipokataa kupanda mabasi yenye ubaguzi, Georgia Gilmore na wenzake walipika, wakauza, wakapeleka fedha kwenye mgomo. Wakajiita Club from Nowhere ili fedha zisijulikane zimetoka kwa nani, maana mpishi angeweza kufukuzwa kazi. Hakuna mfadhili aliyeweza kuwaambia waache. Wekeni mchango wa kila mwezi, hata mdogo, uwe wa kulipia yale ambayo ruzuku inakataa.

Zuhura_M

Mama, shikamoo, nimekusikia. Mhasibu, tukiwa chini ya shirika mlezi tunaweza kuendelea na akaunti yetu ya michango?

mhasibu_mstaafu

Mnaweza kama mkataba unaruhusu, kwa hiyo ulizeni kabla ya kusaini. Anayetaka punguzo la kodi achangie kupitia mlezi, kwa sababu mchango ulioingia kwenye akaunti yenu haumpi punguzo, na mumwambie hivyo waziwazi. Akaunti yenu iwe na watia saini wawili na taarifa isomwe kila mkutano. Ofisa wa mfuko wa eneo akija, mwonyesheni taarifa hizo kwanza.