Tuipeleke skeitibodi kwenye chama cha rola au tubaki wenyewe?

kinyago_zege:
Wakuu salaam. Nina vijana kama ishirini hapa Dar, tunacheza skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, jioni kwenye sakafu ya zege nyuma ya godauni, mwenye eneo katuruhusu. Sasa kuna chama cha wale wa viatu vya magurudumu kimetufuata, kinataka tujisajili chini yao, wanasema ndo utaratibu wa dunia nzima, bila hivyo hakuna kwenda mashindano ya nje wala barua ya kuombea uwanja. Ada tutachangishana. Ila nilipouliza kwenye kamati yao nani kawahi kusimama kwenye ubao wakabaki wanaangaliana. Halafu wanataka jezi moja, kocha mwenye cheti, mazoezi kwa ratiba yao. Wengi wa vijana wangu mpira uliwashinda sio kwa miguu, ni zile filimbi na kufokewa, huku wamebaki kwa sababu mtu akianguka mara hamsini hakuna anayemtoa nje. Nikisaini naona kama nawauza, nisiposaini nawafungia njia. Mnanishauri nini?

Babu Gurudumu:
Mkuu kwenye utaratibu hawajakudanganya. Agosti 2016 IOC, kamati ya Olimpiki ya dunia, ilipoiingiza skeitibodi kwenye Olimpiki ya Tokyo, waliokuwa wanatambulika ni FIRS, shirikisho la rola la tangu 1924, wana skeitibodi walikuwa na shirikisho lao la 2004 lakini halikuwa na kiti. 2017 wakaungana ikawa World Skate. Ila angalia walichofanya kabla ya hapo, iliundwa kamisheni ya skeitibodi kwa ajili ya Tokyo na mwenyekiti akawa Gary Ream, mtu wa upande wa ubao. Na ndo maana mchezo haukupoteza roho yake, mwaka 2021 kule Tokyo Misugu Okamoto alianguka raundi ya mwisho akamaliza wa nne analia, wapinzani wake wakaja wakambeba mabegani. Mimi niliona ile nikatokwa machozi mtu mzima. Kwa hiyo ingia, ila na kamati yenu mkononi.

theluji_mbali:
Naongezea upande wa pili maana yaliwakuta watu wa snobodi, ubao wa kuteleza kwenye theluji. Walikuwa na shirikisho lao, IOC ikawakabidhi FIS, watu wa skii, bila wao kupewa nafasi ya maana kwenye maamuzi. Terje Haakonsen, ambaye wenzake walimwona ndo mkali kuliko wote, akagoma kwenda Olimpiki ya Nagano 1998. Mchezo ukaenda bila yeye, na 2002 shirikisho lao likafungwa kabisa. Kugoma peke yake hakukuwasaidia, ndugu, shikaneni mkiwa wengi kabla karatasi haijasainiwa.

Mwl. Sarakasi:
Habari mwanangu. Mimi nafundisha jimnastiki, yaani nipo upande wa hao wanaomeza wenzao. FIG, shirikisho letu la dunia, ilipoanza kuichukua parkour, ule mchezo wa kuruka kuta na vizuizi, 2017 wenye mchezo walipinga, wakaanzisha shirikisho lao Parkour Earth, lakini 2018 ikapitishwa kuwa tawi letu na 2022 mashindano ya dunia yakafanyika Tokyo. Kwetu tulizoea kupanga alama kwa kila kiungo cha mwili, tukadhani kila kinachoruka ni chetu. Nakuambia kwa moyo mmoja, usikubali jezi wala ratiba, ila cheti cha huduma ya kwanza kikubali, mtoto akivunjika mkono kwenye zege hutataka kubahatisha. Na Olimpiki isikulevye, breki dansi iliingia Paris 2024 chini ya watu wa dansi na Los Angeles 2028 haimo.

pwani_tu:
Kitintale pale Kampala vijana walijijengea uwanja wao wa skeitibodi wenyewe mwaka 2006, hawakusubiri barua ya mtu. Uwanja kwanza, chama baadaye.

kinyago_zege:
Asanteni sana, Mwalimu shikamoo. Jana nimekaa na vijana tukasoma majibu yote kwa sauti. Tumekubaliana tutawaandikia hivi, tunaingia kama kamati ndogo inayochagua viongozi wake, waamuzi wawe waliocheza, ada inayotoka kwetu nusu irudi kwenye zege letu, na tukiona haiendi tunaruhusiwa kutoka. Binti mmoja wa miaka 14 kasema yeye ndo ataipeleka barua. Mwenye katiba ya chama kidogo cha michezo naomba aniwekee hapa, hiyo sehemu ya kutoka sijui inaandikwaje.