Nimelipa milioni 4.8 kwenda kunyeshewa Da Nang, na wakala anasema ni mapenzi ya Mungu

Wakuu habari zenu. Mods naomba huu uzi msiuhamishie kwenye jukwaa la safari, sijaja kusifia mandhari, nimekuja kulia. Nimerudi juzi alfajiri na raba zangu hadi naandika hapa ziko kibarazani hazijakauka, zimeanza kunuka kama dagaa wa juzi.

Jina la ofisi siweki, wenyewe wakisoma watajijua. Ni hawa mawakala wa safari wa hapa hapa Dar wanaopost ofa kila siku.

Mwezi wa nane nilipokea mchezo wa ofisini, nikasema mwaka huu sinunui friji wala sikopeshi mtu, najipeleka mwenyewe mahali nikatembee siku nne tano nirudi. Mama aliniuliza unaenda kwa nani huko, nikamwambia siendi kwa mtu mama naenda tu kuona mji, akanyamaza kama dakika nzima afu akasema haya. Sasa nikaona hiyo ofa, Da Nang, Vietnam, mji wa baharini, picha ya lile daraja lenye joka linatema moto, picha ya daraja la dhahabu limeshikwa na mikono miwili mikubwa, bichi nyeupe, mtu amelala kwenye machela. Siku tano usiku nne, mwishoni mwa Oktoba, tiketi na hoteli na matembezi yote ndani. Nikamwandikia wakala, kaka wa watu, nikamuuliza swali moja tu, na meseji ninayo hadi leo: "Oktoba hali ya hewa ikoje, hakuna mvua?" Akanijibu kwa voisi, anacheka: "Dada'angu wa nguvu, Oktoba Vietnam ni safi kabisa, ndo maana tumeweka ofa."

Sasa nisikilizeni. Oktoba Hanoi, mji mkuu wao kule kaskazini, ndo safi. Da Nang iko katikati ya nchi na ina kalenda yake kabisa. Mi mtoto wa Tanga, kwetu kaskazi ikianza tunajua jua na joto, kumbe kule upepo wa kaskazini mashariki unapita juu ya bahari unazoa maji weee, ukifika pale unakutana na milima ya Truong Son imesimama nyuma ya mji, haupiti, unamwaga mzigo wote palepale. Kuanzia Septemba hadi Desemba ni hivyo, na Oktoba na Novemba ndo kilele. Wastani wa mvua ya Oktoba peke yake pale unazidi milimita 600. Dar mwaka mzima, masika na vuli vyote ukijumlisha, ni kama 1,100. Yaani zaidi ya nusu ya mvua zetu za mwaka zinashuka ndani ya mwezi mmoja na mi nimelipia kwenda kusimama chini yake na kofia ya pama. Ni sawa na mtu amuuzie Mzungu Zanzibar ya Aprili afu amwambie ofa.

Na hii ya mvua kama ingekuwa peke yake ningekausha. Twendeni taratibu.

Viza. Alinichaji 260,000, akasema viza ya Vietnam ni ngumu kwa Watanzania hadi uwe na mtu ndani. Wakuu, tangu Agosti 2023 viza ya mtandaoni ya Vietnam wamefungulia nchi zote, unajaza mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, dola 25 ya kuingia mara moja, hadi siku 90. Dola 25 ni elfu sitini na kitu. Huyo "mtu wa ndani" ni kompyuta. Nimeyajua haya nikiwa tayari niko kule.

Kupokelewa eapoti alinichaji dola 30. Nimefika Jumatatu mchana, Dar Addis Bangkok Da Nang, miguu imevimba kama maandazi, nikatoka nje kutafuta mtu ameshika kibao cha jina langu. Hamna. Nimesubiri saa nzima na dakika kumi. Nampigia hapokei, WhatsApp tiki mbili za bluu kimyaaa. Eapoti ya Da Nang iko katikati ya mji kabisa, kilomita tatu tu unaanza kuona mto Han. Ningeita gari kwenye app ningelipa dong elfu 80 au 90. Kwa msiojua, dong kumi ni kama shilingi moja, toa sifuri moja mwishoni umepata bei ya kibongo, kwa hiyo ni elfu nane, tisa. Dola 30 za nini?

Ila sikuwa na intaneti bado nikapanda teksi ya barabarani, na hapo kuna kosa langu nalikubali. Mita yao inaandika 48 wakimaanisha elfu 48. Noti zao zote zina sura ya Ho Chi Minh, na noti ya 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya bluu bluu. Nina usingizi, mvua inapiga kioo, nimetoa noti tatu nikijua natoa elfu 60 na chenji namwachia, kumbe moja ilikuwa laki tano. Dereva kapokea kwa mikono miwili kwa heshima zote afu kaondoka kama anafukuzwa. Elfu hamsini zetu hiyo kwa safari ya dakika kumi. Hiyo namsamehe wakala, japo mtu uliyempa milioni 4.8 angeweza kukwambia dada'angu angalia sifuri.

Hoteli. "Sea view". Bichi ya My Khe ipo kweli, ndefu na nzuri, ila hoteli yangu ilikuwa mtaa wa tatu nyuma, kutoka dirishani unaona ukuta wa hoteli nyingine, na kati ya ukuta na ukuta kuna kaufa kama ka mlango uliofungwa vibaya, humo ndo bahari. Na hapa ndo hasira yangu ilipozaliwa, maana nililipishwa 380,000 zaidi kwa sababu nasafiri mwenyewe, wanaita tofauti ya chumba cha mtu mmoja. Haya, nafika chumbani nakuta vitanda viwili, taulo nne, miswaki miwili, chupa mbili za maji. Nimevitumia vyote. Usiku wa kwanza kitanda hiki wa pili kile, miswaki asubuhi huu jioni ule, nimevilipia.

Sasa kumbukeni hilo la kuwa mwenyewe, maana Jumatano nilitakiwa kwenda Hoi An na mwongoza watalii. Ule mji wa zamani wa taa za karatasi, uko kilomita 30 kusini, UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Asubuhi napigiwa simu mapokezi, mwongoza watalii haji, sababu matembezi ni kuanzia watu wawili. Wakuu! Mtu amenichaji laki tatu na themanini KWA KUWA NIKO MMOJA, afu ananiuzia matembezi ambayo mtu mmoja haendi! Alijua niko mmoja, risiti inasema mmoja, hela ya upweke kaipokea. Nimempigia, akapokea siku hiyo, akasema "ndugu mteja, hayo ni masharti ya washirika wetu." Muone, kabla sijalipa nilikuwa dada'angu wa nguvu, nilipolipa nikawa ndugu mteja.

Nilienda kwa hela yangu. Mto Thu Bon umepanda umeingia barabara ya kando, watu wanapitisha wageni kwa vimtumbwi, na wenyeji wala hawana presha, nyumba zao za zamani zina tundu kwenye dari, mafuriko yakija wanavuta mizigo juu kwa kamba, na kwenye nguzo wameweka alama maji yalifika wapi mwaka gani. Nilikaa kwa bibi mmoja ananywesha watu chai nikamwonyesha ratiba yangu kwenye simu, ikatafsiriwa, akacheka hadi akashika mbavu. Sikukasirika. Bibi wa watu alinipa koti la mvua bure, lile la plastiki, ninalo hapa.

Kubwa kuliko ni boti. Alhamisi ratiba inasema Cu Lao Cham, visiwa vya kuzamia kuangalia samaki, 320,000 ndani ya kifurushi. Wakuu hizo boti za watalii kipindi hicho HAZIENDI. Msimu wake ni kama Machi hadi Agosti hivi, baada ya hapo bahari inachafuka. Dada wa mapokezi alinionyesha nje, mawimbi yanapiga hadi kwenye mchanga wa juu, bendera nyekundu kila mahali, akaniuliza taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa, nani amekuuzia hii? Nikamtumia wakala picha ya bahari. Akajibu: "Ndugu mteja, hali ya hewa ni mapenzi ya Mungu." Mapenzi ya Mungu yako kwenye kalenda kila mwaka kaka! Wavuvi wanaijua, muuza kahawa anaijua, wewe unayechukua asilimia yako hujui?

Na joka nalo. Lile daraja la joka, Cau Rong, lina mita 666, lilifunguliwa 2013, na ndo nililofuata kwa kweli, picha yake ndo iliyonitoa hela. Ratiba: "Jumanne usiku, onyesho la joka la moto." Nimeenda saa mbili na nusu nimesimama kwenye ukingo wa mto na mwavuli uliopinduka, saa tatu hamna kitu, tatu na robo hamna, joka linabadilisha tu rangi za taa. Pembeni kuna mama anachoma ngisi, nikamuuliza kwa kutafsiri na simu, akanionyesha vidole, Jumamosi, Jumapili. Joka linatema moto wikendi! Na mi nimewekewa Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi, ndo siku ambazo tiketi zake zilikuwa rahisi. Nikanunua ngisi wa dong elfu 50 nikamla hapo hapo nimesimama na machozi, sijui ya moshi sijui ya nini.

Daraja la dhahabu la milima ya Ba Na sina la kusema sana. Tiketi ilikuwa kama dong laki tisa, hiyo nililipa mwenyewe kwa sababu "matembezi yote ndani" kumbe ni usafiri hadi getini. Kebo kari yake ni ndefu inazidi kilomita tano, inakupandisha hadi karibu mita 1,400 juu, na huko juu ni ukungu. Niliona vidole vitatu vya mkono mmoja. Hata sio jiwe, ni faibaglasi imepakwa rangi ifanane na jiwe la zamani, na daraja lenyewe ni la 2018. Yule mama Buda, sanamu la kwenye rasi ya Son Tra, mita 67 kwenda juu, nilimwona hadi kiunoni.

Nisiwe muongo, kuna vitu viwili vilinifurahisha na vyote havikuwa kwenye ratiba. Makumbusho ya sanamu za Cham, kwanza kuna paa, pili hawa Cham walikuwa na ufalme wao pwani ile karne nyingi, wanaabudu Shiva, wanachonga mawe hadi unaona mkunjo wa nguo. Na ile milima ya marumaru, unaingia dong 40,000, ukilipa 15,000 unapanda na lifti, ndani kuna pango la Huyen Khong, dari lina matundu, mwanga unashuka kama mtu ameuelekeza, na siku ile mvua nayo inashuka humo humo kwenye mwanga. Wakati wa vita na Wamarekani walitibia majeruhi humo. Nilikaa humo nusu saa nikasahau hasira kabisa.

Ilirudi jioni kwenye mgahawa wa mi quang, tambi zao za manjano, sahani elfu 40, nikakutana na jamaa Mkenya anafundisha Kiingereza pale. Namweleza, ananitazama. "Woiye, pole sana dadangu. Sasa Da Nang na Oktoba, nani alikudanganya hivo? Hata sisi wenye tunaishi hapa saa hii tunakaa tu kwa nyumba." Yeye ndo kaniambia habari za viza ya dola 25, na kwamba mji huo ni wa Februari hadi Agosti.

Nimerudi, nimeenda ofisini na karatasi zangu, nadai boti 320,000, mwongoza watalii wa Hoi An, dola 30 za gari ambalo halikuja, na ile laki tatu na themanini ya chumba chenye vitanda viwili. Nimekaa kwenye benchi masaa mawili, kaka yuko ndani namsikia anacheka kwenye simu, akatoka binti akanipa karatasi ya vigezo na masharti, maandishi madogo kama mchwa, kipengele kimewekwa alama ya kalamu nyekundu: kampuni haihusiki na hali ya hewa. Nikamuuliza binti, na Jumamosi na Jumapili nazo ni hali ya hewa? Akaangalia chini. Simlaumu, kaajiriwa.

Sasa naomba mwenye kujua, kuna mtu amewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani akarudishiwa hata nusu? Nina risiti, ratiba yenye muhuri, meseji na ile voisi yake ya "safi kabisa". Au niende mahakama ya mwanzo? Msiniambie nimwachie Mungu, Mungu kashatajwa vya kutosha kwenye hii safari.

UPDATE saa nne usiku: nimefungua statasi zake sasa hivi. "OFA OFA Da Nang Novemba, nafasi sita tu zimebaki", picha ile ile ya joka na moto. Nikamjibu chini yake, "kaka, Jumanne tena?" Ameniblok.