Kipilipili: krimu asubuhi, mchana nywele zimekauka. Tatizo ni krimu au ni upakaji?

NchaKavu

Wadau, habari za humu. Nywele ni za kipilipili, hazina dawa, zikivutwa zinafika mabegani. Utaratibu wa sasa: shampuu kila baada ya wiki mbili, kondishena dakika tatu, halafu kila asubuhi mafuta ya shea yaliyochanganywa na ya nyonyo, nywele zikiwa kavu. Kufika mchana zinakwaruza. Ncha zinakatika vipande vifupi, na nikizishika vidoleni panabaki kitu kama nta. Nikipulizia maji yanasimama juu kwa matone.

Ninunue krimu ya aina gani, na kwenye lebo nitazame nini? Pia, kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji, kuona kama unaelea au unazama ili kujua unavyopitisha maji, kinaaminika?

fundi_kipilipili

Usinunue kitu bado. Hiyo nta vidoleni imeshajibu nusu ya swali. Shea na nyonyo ni mazito, hukaa zaidi juu ya unywele kuliko kuingia ndani, na hayana maji hata tone. Kinacholainisha unywele ni maji. Mafuta kazi yake ni kuyachelewesha yasitoke. Wewe unapaka mafuta juu ya unywele mkavu, kwa hiyo unafungia ukavu, tena tabaka juu ya tabaka kwa wiki mbili nzima. Maji yatapita wapi?

Anza kwa kuziosha hasa. Gawa kichwa mafungu 6 hadi 8, uyabane. Tumia shampuu kali, yenye sulfati (kisafishaji chenye povu jingi), kwa siku hiyo tu. Isugue kwenye ngozi ya kichwa kwa nyama za vidole, kucha kaa nazo mbali, na uache povu lishuke lenyewe kwenye ncha. Povu la kwanza litakuwa hafifu kwa sababu mafuta yanalimeza. Suuza, rudia. La pili likijaa, ujue nta imetoka.

Kondishena: kama kijiko kimoja cha chakula kwa kila fungu, kisha ongeza maji kwa kiganja huku ukiminya. Ukisikia ile sauti ya majimaji kila unapominya, hapo inatosha. Watu wengi huongeza kondishena wakati kilichopungua ni maji. Fungua mafundo kwa vidole kwanza, halafu chanuo lenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda juu kidogo kidogo. Ukianzia kwenye shina unasukuma mafundo yote chini yakutane sehemu moja, na unywele uliolowa huvutika na kukatika kirahisi kuliko mkavu.

Dakika tatu ni chache. Vaa kofia ya plastiki, zungushia taulo la moto, kaa dakika 15 hadi 30. Zaidi ya hapo hupati faida ya maana, na ile tabia ya kulala nayo kila mara huzifanya nywele zilegee.

Ukishasuuza, usizikaushe kwa taulo. Zikiwa bado zinadondosha maji, paka kondishena ya kuacha kichwani, halafu krimu, mwisho mafuta matone 3 hadi 5 kwa fungu. Ndiyo, matone! Nyonga twisti, acha zikauke. Katikati ya wiki, kila siku mbili au tatu, pulizia maji yenye kondishena kidogo kisha nyonga upya. Kupaka mafuta kila asubuhi, acha kabisa.

SomaLebo

Naongezea upande wa lebo. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, mpaka asilimia 1. Chini ya hapo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Tafuta jina phenoxyethanol, kihifadhi (kinachozuia krimu isioze) cha kawaida sana ambacho Umoja wa Ulaya umekiwekea kikomo cha asilimia 1. Vingi vinavyotajwa baada yake ni chembe tu. Basi kama kopo limeandikwa mafuta ya argani kwa herufi kubwa mbele, na nyuma argani imekuja baada ya kihifadhi, umeuziwa picha.

Krimu inayofaa huanza na maji (Aqua), ikifuatiwa na cetyl alcohol au cetearyl alcohol. Neno alkoholi lisikutishe, hizo ni za mafuta, zinalainisha. Inayokausha ni alcohol denat. (spiriti) ikiwa mwanzoni mwa orodha. Behentrimonium methosulfate nayo watu huikimbia wakidhani ni sulfati ya kuoshea, kumbe ndiyo inayofanya nywele ziteleze wakati wa kuchana.

Gliserini huvuta unyevu. Hewa ikiwa kavu sana haina cha kuvuta, nywele zinaweza kukauka zaidi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, nywele hufura na kutimka. Gliserini ikiwa ya tatu au ya nne kwenye orodha, angalia kwanza hali ya hewa unayoishi.

Dimethicone, aina ya silikoni, si sumu. Inaziba unyevu vizuri, ila haitoki kwa maji matupu. Anayeosha kwa kondishena peke yake asiitumie. Anayetumia shampuu mara kwa mara hana sababu ya kuikimbia.

MagambaYamebana

Kipimo cha glasi kitupeni. Unywele wenye mafuta utaelea hata ukiwa umeharibika vibaya, na hata ulio safi unaweza kushikiliwa na uso wa maji tu. Ukishaosha kama fundi alivyoeleza, angalia mambo mawili: zinachukua muda gani kulowa, na muda gani kukauka. Zikilowa polepole na kuchukua saa nyingi kukauka, magamba ya nje (vigamba vidogo vinavyofunika unywele) yamebana: chukua krimu nyepesi, na lile joto la taulo usiliruke. Zikilowa papo hapo na kukauka upesi, magamba yako wazi: krimu nzito zaidi, na kondishena yenye protini mara moja kwa mwezi.

Ila msisahau kwamba kichwa kimoja kinaweza kuwa na hali zote mbili. Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ncha zinazofika mabegani zina miaka miwili au zaidi ya kuchanwa na kusukwa. Ncha zipewe krimu mara mbili ya shina. Zilizokwisha kupasuka zikatwe, hakuna krimu inayoziunga.

Kuhusu protini, vuta unywele mmoja uliolowa. Ukivutika sana bila kurudi, unahitaji protini. Ukikatika papo hapo, una kiu ya maji, na protini itauzidishia ugumu. Ni kipimo cha mkono tu, lakini kinasaidia kuamua.

NchaKavu

Shukrani wakuu. Mafuta ya nazi je? Na magadi ya kuokea kwa ajili ya kutoa nta? Kuna pia unga mweupe unaojitokeza nikipaka jeli, sijui ni mba.

fundi_kipilipili

Magadi hapana. Yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 na kitu, yaani ni alkali, yanainua magamba na kuacha nywele zikikwaruza kuliko ulivyoanza. Limau nalo lina ukali wa upande wa pili, ni asidi. Shampuu inatosha.

Nazi ni kati ya mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele. Faida yake kubwa ni kabla ya kuosha: vijiko viwili vya chakula kwa kichwa kizima, saa kadhaa au usiku kucha, hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Wapo ambao nywele zao hukakamaa nayo. Ukiona hivyo, acha.

SomaLebo

Unga huo ulowanishe. Ukiyeyuka ni jeli, usipoyeyuka na kichwa kinawasha, kuna uwezekano ni mba. Kama ni mba, usipake mafuta kwenye ngozi ya kichwa, maana fangasi wanaohusika hula mafuta; tafuta shampuu yenye ketokonazoli. Kama ni jeli, inagombana na krimu yako. Kabla hujanunua jeli nyingine, weka tone lake na tone la krimu kiganjani, usugue kwa kidole. Ikikatika vipande vyeupe, hazipatani. Ikibaki laini, paka.