Wanangu wanasema najitenga, mimi nasikiliza muziki wangu tu. Nifanyeje?

Mwl_Mstaafu:
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine hamjambo.

Mimi ni mama wa miaka 66, mwalimu mstaafu, niko Morogoro. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita, wanangu watatu wote wako Dar. Kila siku saa kumi na moja jioni, nikishamwagilia mchicha, natoa kiti barazani, chai ya mchaichai na redio kaseti yetu. Nyimbo za bendi za zamani: Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Juwata, Sikinde. Marehemu alizirekodi mwenyewe kutoka RTD, Redio Tanzania ya zamani, ndiyo maana wimbo ukiisha unamsikia mtangazaji anaanza kusema, halafu kwaa! kakatwa. Hiyo kwaa ni kidole cha mume wangu.

Mchana kutwa nina watu: vikoba, jumuiya, watoto wa jirani. Saa hiyo ndiyo yangu. Sasa wanangu wamekaa kikao (wasapu, bila mimi), wameamua nihamie kwa mkubwa wao, eti mama anakaa gizani anaongea na redio. Kuongea ni kweli, siku nyingine namjibu Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji wa Morogoro Jazz. Je, ni ugonjwa? Nawaambiaje bila ugomvi?

Msamvu_Boi:
Shikamoo mama. Mgonjwa gani anakumbuka kumwagilia mchicha? Kaa zako Moro.

SistaNesi:
Mama, kukaa peke yako si upweke. Ila unalala vizuri? Unakula? Ikitokea siku muziki wenyewe umekosa ladha, au vikoba huendi tena, usikae kimya, kamwone daktari. Na kama redio inasikika mtaa wa pili, kapime masikio.

KitindaMimba:
Mimi niko upande wa watoto, samahani. Mama yangu naye yuko hivyohivyo. Kilichokuwa kinatutoa roho si muziki, ni simu. Saa kumi na moja ndiyo tunatoka kazini, tunapiga, inaita mpaka inakata. Wewe huwa unapokea?

Mwl_Mstaafu:
Umenikamata mwanangu. Huwa naiacha chumbani kwenye chaji.

KitindaMimba:
Basi ndiyo hilo. Wawahi wewe, wapigie saa kumi na nusu.

FundiTepu:
Mbona la maana hamligusi? Mama, alizorekodi marehemu hazina nakala popote. Zihamishie kwenye flashi kabla mkanda haujaliwa. Waya mmoja kutoka tundu la hedifoni la redio mpaka kwenye kompyuta, fungua programu ya kurekodi, acha icheze. Njia ya mkato hakuna: kaseti ya dakika 60 itakula dakika 60. Kwanza safisha hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti. Sauti ikiyumba kama mlevi, mpira wa ndani umelegea, unabadilishwa. Usizipange juu ya spika, sumaku inafuta. Na mtu asije akakata hizo kwaa akidhani anakusafishia.

Mwl_Mstaafu:
Hilo la mwisho Mungu akubariki, lisingenijia kichwani.

Mrejesho: jana nimewapigia saa kumi na nusu. Mkubwa kashtuka, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, naenda kusikiliza muziki wangu. Kacheka. La kuhama hatujaligusa. Wa mwisho anakuja Jumamosi na kompyuta na waya. Nimemwambia awahi asubuhi, saa kumi na moja sina nafasi.