Hela za huduma za mama zinabaki, robo mwaka inaisha. Nizitumieje?

binti_wa_uvira

Habari zenu ndugu wa Wodonga, Shepparton na popote mlipo Australia. Naomba msaada kwa wanaoyajua haya mambo ya Support at Home, ule mpango wa serikali wa kuhudumia wazee nyumbani kwao.

Mama ana miaka 74, anapata pensheni kamili. Tulikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Kiingereza chake ni "hello" na "thank you". Alianguka bafuni akalazwa, na alipotoka hospitali My Aged Care, wale wa serikali wanaopima mahitaji ya wazee, wakampima. Kwa kuwa walimweka kwenye dharura, hakukaa sana kwenye foleni. Amepewa daraja la 3, yaani kama dola 5,490 kwa kila miezi mitatu. Kampuni inayotuletea huduma inakata asilimia 10 ya uratibu, inayobaki ndiyo ya huduma.

Tatizo ni kwamba hela haitumiki. Kampuni inatuletea kijana wa kusafisha nyumba. Siku ya kijana kuja, mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafagia, anapiga deki, anaosha vyombo vyote. Kijana akifika anakalishwa, anapewa chai na maandazi, saa yake ikiisha anaaga. Nikimwuliza mama anasema mgeni hawezi kushikishwa ufagio nyumbani kwangu. Na bili inakuja, asilimia 17.5 ya hiyo "kazi" tunalipa sisi!

Kuogeshwa ndiyo kabisa hataki. Walimleta mwanamume, mama akajifungia chumbani.

Sasa mratibu amenipigia, anasema Machi ikiisha zinazobaki zitapotea, afadhali tuongeze saa za usafi. Maswali yangu: ni kweli zinapotea? Naweza kulipwa mimi ninayemwogesha kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku? Na zinaweza kununua chakula?

kaka_shepp

Dada hao wanakuibia. Baba yangu ana paketi ya huduma za nyumbani tangu 2023 na halipi hata senti moja. Hama kampuni leo hii.

keya_mzoefu

Kaka shepp, usimtie dada wa watu presha bure. Baba yako alikuwa ndani ya mfumo wa zamani kabla ya tarehe 12 Septemba 2024, na serikali iliahidi kwamba hao hawatalipa zaidi ya walivyokuwa wanalipa. Kama alikuwa halipi, ataendelea kutolipa. Mama wa dada ameingia kwa sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Novemba 2025, na huku mwenye pensheni kamili anachangia. Nyumba mbili mtaa mmoja, bili tofauti, wala hakuna aliyeibiwa. Nimeona familia zikigombana kanisani kwa jambo hili.

Dada, mimi ni keya, yaani kazi yangu ni kuhudumia wazee, na kabla ya hapo nimemtunza mama mkwe wangu kwa mfumo huu huu. Nakujibu kama ningemjibu mdogo wangu.

Kupotea: si zote. Kila robo mnaruhusiwa kuvusha kwenda robo inayofuata dola 1,000 au asilimia 10 ya bajeti, ile iliyo kubwa. Kwenu ni 1,000. Zaidi ya hapo ndiyo inarudi serikalini. Kwa hiyo mratibu hakudanganya, ila dawa aliyokuletea ndiyo siipendi. Usafi ndiyo huduma ambayo mama haitaki, na ndiyo inayokutoa hela nyingi mfukoni. Angalia mchango ulivyo kwa mwenye pensheni kamili: usafi, bustani, kufuliwa, kuandaliwa chakula ni asilimia 17.5. Usafiri wa kwenda kliniki au kusindikizwa kwenye shughuli za wazee ni 5. Nesi, fizio (yule wa mazoezi ya viungo) na wataalamu wengine wa afya ni sifuri. Sifuri, dada! Mama ameanguka, magoti yanamsumbua, na hakuna hata saa moja ya fizio kwenye mpango wake? Anzia hapo. Fizio aje nyumbani kila wiki. Na mwambie mratibu aandike maandazi yawe sehemu ya mazoezi, maana mama hataacha kuyapika.

Bafu lililomwangusha usilitengeneze kwa hela hii ya robo. Kuna fungu la pembeni kabisa la vifaa na marekebisho ya nyumba: vyuma vya kushikilia ukutani, kiti cha kuogea, kile kigari cha kutembelea. Lina ngazi zake, ya chini dola 500, ya kati 2,000, ya juu hadi 15,000. Fungua barua ya My Aged Care uone kama liliidhinishwa. Kama halimo, piga 1800 200 422 uombe mpango wake upitiwe upya.

Na hapo nina swali. Siku ya kupimwa, nani alitafsiri?

binti_wa_uvira

Mdogo wangu wa kiume. Mimi nilikuwa kazini.

keya_mzoefu

Nilijua. Mpimaji anauliza, "Je, mama anahitaji msaada akienda chooni?" Mtoto wa kiume anaona haya kumwuliza mama yake swali hilo, anageuka, "Mama, uko salama?" Mama anajibu, "Niko salama, Mungu ni mwema." Inaandikwa: hahitaji msaada. Mama zetu hawamlalamikii mgeni, hata akiwa amefungwa bandeji mkononi.

Mkipitiwa upya, dai mkalimani wa Kiswahili wa TIS, huduma ya serikali ya ukalimani, simu 131 450, hamlipi chochote. Na siku hiyo wewe uwepo. Mama akisema hajambo, wewe ndiye utamwambia mpimaji kwamba unamwogesha kila siku na kwamba usiku hawezi kuamka peke yake. Nina uhakika daraja la 3 si lake.

Kuhusu wewe kulipwa: hapana. Mtu wa familia halipwi kutoka kwenye bajeti hii, isipokuwa mazingira ya pekee sana, mathalani kijiji cha mbali ambako hakuna mfanyakazi mwingine. Mlango wako ni Centrelink, ofisi ya serikali ya malipo ya ustawi, na posho yenyewe inaitwa Carer Allowance. Inatolewa kila wiki mbili kwa anayemhudumia mtu kila siku, na kufanya kazi hakukuzuii, mradi mapato ya familia hayajafika dola 250,000 kwa mwaka. Daktari wa mama atajaza fomu. Wengi wetu tunaiacha kwa kudhani kumwogesha mzazi si kazi ya kuandikiwa fomu.

Chakula: wanalipia kupika na kuleta, viungo hapana. Unga na sombe (kisamvu) ni juu yako.

mama_kizito

Ndugu zangu, nimesoma nikacheka, hata mimi mama yangu alimpikia mfagiaji ugali.

Mama hakatai kuogeshwa, anakataa kuogeshwa na mwanamume, tena wa umri wa mjukuu wake. Nani asingekataa? Mimi niliwaambia kampuni: mwanamke, mtu mzima, anayejua Kiswahili. Wakasema hawana. Nikawapelekea mama mmoja wa kwaya yetu, alikuwa ana cheti cha kuhudumia wazee tayari, wakamfanyia ukaguzi wa polisi na mambo yao, wakamwajiri. Siku ya kwanza mama hakuoga, walikaa wakasali. Siku ya pili walioshana miguu. Mratibu alipiga simu kuuliza mbona saa nzima imeandikwa miguu tu. Nikamwambia andika hivyo hivyo. Wiki iliyofuata mama mwenyewe ndiye aliyemwita bafuni.

kaka_shepp

Sawa, nimeelewa kuhusu baba. Lakini bado nasema angalieni zile karatasi za kila mwezi. Sisi tulikuta tumeandikiwa saa mbili siku ambayo baba alikuwa Melbourne hospitalini.

keya_mzoefu

Hapo sikupingi. Kila mwezi kampuni lazima itoe taarifa ya matumizi, soma mstari kwa mstari. Siku hizi bei ya saa inatakiwa iwe na kila kitu ndani yake, gharama za ofisi na za mfanyakazi kufika kwenu. Ukiona nauli yake imeandikwa pembeni, uliza. Wakikuzungusha, piga OPAN, 1800 700 600, ni watetezi wa wazee na hawatozi. Na kuhama mnaweza, ada ya kuondoka ilipigwa marufuku tangu Januari 2023. Ila dada, mpe kwanza huyu mratibu nafasi. Huenda hajui kabisa kwamba mama anadeki kabla ya mfagiaji kuja.

binti_wa_uvira

Asanteni sana, hasa mama Kizito. Nimeongea na mratibu leo mchana. Kweli alikuwa hajui, alicheka mpaka nikacheka. Usafi umesimama, fizio anaanza Jumatano. Barua nimeifungua: vifaa vimeidhinishwa ngazi ya chini tu, marekebisho ya nyumba hakuna, kwa hiyo nimeomba kupitiwa upya na mkalimani nimeshasema.

Kuna dada mmoja hapa Wodonga, Mrundi, anamaliza masomo yake mwezi wa tano. Nimempa namba ya kampuni. Mama anamfahamu, walikutana sokoni wakabishana bei ya lengalenga (mchicha).

mama_kizito

Kama wamebishana bei, huyo ataogesha.